Sasa, Zawadi na Bado: maoni juu ya kitabu cha Spencer Johnson

Mwaka jana mfanyakazi mmoja wa shirika alimaliza mkataba wake hapa Nyarugusu, na kabla ya kuondoka akatuachia katoni ya vitabu pale kituo cha vijana. Vingi vilikuwa vya mafunzo, vya zamani, mchwa wameshaonja kona zake. Kimoja kilikuwa kidogo kama Agano Jipya la mfukoni, jina lake The Present. Nilikichukua kwa sababu ya udogo wake. Sisi Wakongo shule zetu za kambini zinafundisha kwa Kifaransa, Kiingereza nimekiokota njiani, kwa hiyo nilisoma na kamusi pembeni. Halafu nikawasimulia vijana wa kituo kwa Jumamosi nne, kama watu kumi na tano hivi. Haya ninayoandika ni maoni yangu yamechanganyika na yao, na pale walipokuwa na akili kuliko mimi nitasema.

Mwandishi ni Spencer Johnson, Mmarekani aliyesomea udaktari, akaja kujulikana kwa vitabu vifupi vya kushauri watu wa maofisini. Alifariki mwaka 2017. Ndugu zetu wa mashirika wengi wanamfahamu kwa Who Moved My Cheese? cha mwaka 1998, kile cha panya na jibini. Hiki cha The Present kilitoka mwaka 2003, na kwenye jalada kinaahidi kwamba kitakufanya uwe na furaha zaidi na ufanikiwe zaidi kazini na maishani.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kuna mtoto mmoja na mzee jirani. Mzee anamwambia kwamba ipo zawadi moja inayozidi zawadi zote, na kwamba mwenye kuipata anakuwa mtu wa furaha na wa kufanikiwa. Hamwambii ni nini. Mtoto anakua, anaanza kazi, mambo hayaendi, anapitwa kwenye kupandishwa cheo, anarudi kwa mzee kuuliza, mzee anakataa kumtolea jibu. Mwisho kijana anaenda kukaa peke yake kwenye nyumba ya mbao milimani, na huko ndipo anapoelewa: zawadi ni wakati huu uliopo. Anarudi kazini, anatulia, kazi inakwenda. Baadaye anajifunza mengine ya kuongezea: yaliyopita uyachukue kama funzo, yajayo uyapangie, na yote hayo yawe na kusudi. Anapanda cheo. Mzee anakufa, na yule kijana anakuwa yeye sasa wa kuwasimulia wengine.

Ni hiyo tu. Ukikaa chini ya mwembe asubuhi, saa ya chakula umeshamaliza.

Shida ya kwanza niliiona nilipofungua mdomo kusimulia. Kwa Kiingereza neno la jina la kitabu lina maana mbili: ni zawadi, na ni wakati uliopo. Msomaji wao akifika ukurasa wa kumi ameshanusa jibu, na mzee wa kwenye kitabu anapokataa kusema, msomaji anatabasamu maana yeye anajua. Kiswahili hakina neno hilo. Zawadi ni zawadi, sasa ni sasa. Basi niliposema “zawadi inayozidi zote,” vijana wakaanza kubahatisha. Mmoja akasema simu janja. Mwingine, diploma. Binti mmoja akasema mtoto. Wengine watatu kwa pamoja wakasema ndege, na hapa kwetu mtu akisema ndege kila mmoja anaelewa ni ndege gani. Jumamosi ya pili nikawatolea jibu. Nikasema: zawadi ni sasa.

Kimya. Halafu kijana mmoja wa nyuma akauliza, “Hiyo tu?”

Tulicheka wote, hata mimi. Lakini usiku nilifikiria kicheko kile. Kumbe kitabu kinategemea sana ule mchezo wa neno. Msomaji wa Kiingereza akisikia maneno mawili yamekutana kwenye neno moja, anahisi ameonyeshwa ukweli, wakati alichoonyeshwa ni bahati ya lugha yake. Ukiuvua mchezo, dai linabaki uchi: kwa nini sasa iwe zawadi? Nani ameitoa? Nilirudi kutafuta jibu ndani ya kitabu. Kinarudia kwamba ukikaa kwenye wakati uliopo utatulia na kazi utaifanya vizuri. Hiyo ni faida ya sasa, na ninaikubali. Ila kutuambia dawa inaponya si kutuambia inapatikana wapi. Kitabu kinachukulia kwamba kila mtu sasa yake anayo mkononi, ni yeye tu hajaangalia.

Nisiwe mkali sana, kwa sababu kuna ukurasa mmoja mzuri kweli, na kwa ajili yake ningemwambia yeyote asome. Kijana yuko kule milimani, hana raha, anaangalia meko ya mawe ya kuotea moto yaliyojengwa ukutani. Kwa mara ya kwanza anayaona jinsi yalivyo: jiwe lilivyokaa juu ya jiwe. Anamfikiria fundi aliyeyajenga, mtu asiyemjua, na anatambua kwamba fundi yule alipokuwa akijenga akili yake yote ilikuwa pale kwenye mawe. Hapo ndipo mlango unapofunguka.

Nilipofika hapo hakuna aliyeuliza “hiyo tu.” Kijana anayefyatua matofali alisema tofali linajua. Ukinyanyua kalibu huku mawazo yako yako Amerika, kona inabomoka, na udongo ni uleule, maji ni yaleyale. Dada anayeshona akasema kola ndiyo inayomsema fundi: ukiikata huku unasikiliza kama simu inaita, mteja ataivaa na shingo itakuumbua. Waliongea karibu saa nzima, na mimi nilikaa kimya, maana walikuwa wanafundisha kitabu kuliko kitabu. Hayo hakuna aliyewafundisha kwenye semina. Kazi ya mikono inamlazimisha mtu kuwa pale alipo, la sivyo inamwaibisha. Kwa hiyo Johnson ana haki: mtu aliye kwenye kazi yake kwa akili yote anafanya kazi nzuri, na kwa muda ule anapumzika na mengine yote.

Sasa sikilizeni alichosema binti mmoja anayetembelea nyumba kwa nyumba kuhamasisha mambo ya afya. Ametuzidi wote. Alisubiri mpaka nimefika mwisho, kijana ameshapanda cheo, akauliza: “Na yule fundi wa meko, yeye alipandishwa?”

Nilifungua kitabu kuangalia, na hata sijui nilitegemea kuona nini. Fundi hana jina. Alijenga, akaondoka. Hatuambiwi alilipwa kiasi gani wala aliishi wapi. Yeye ndiye mtu pekee kwenye kitabu kizima aliyeiishi ile zawadi bila kufundishwa na mzee yeyote, na matunda yake kayachukua kijana wa ofisini aliyekuja kuota moto. Kitabu kinasema ukiwa kwenye sasa utafanikiwa kazini, halafu mafanikio kinayapima kwa cheo. Kwa kipimo hicho fundi hayumo.

Na sisi tunaofanya kazi humu kambini hatumo. Mnajua, lakini niseme kwa ajili ya wageni. Mkimbizi anayefanya kazi na shirika hapati mshahara, anapata insentivu. Ukiwa mwalimu mzuri au ukiwa mwalimu wa kupitisha siku, insentivu ni moja. Yule binti anafanya kazi kwa moyo, kina mama wanamwita kwa jina, wanamsikiliza kuliko redio. Hakuna ngazi mbele yake ya kupanda. Mradi ukiisha, kazi yake inaisha siku ileile na ya yule aliyekuwa anachelewa kila siku. Ukimwambia “ishi sasa upate kufanikiwa,” ana haki ya kukuuliza mafanikio gani. Nadhani jibu la kweli ni kwamba anaifanya vizuri kwa sababu mtoto wa mtu anapona. Sababu hiyo inatosha, lakini haiko kwenye jalada.

Kuhusu yaliyopita, kitabu kinaenda haraka mno. Kinasema yaangalie, jifunze, halafu yaache. Kwa mtu aliyekosea hesabu za ofisi ni ushauri mzuri. Mama yangu alitoka Fizi mwaka 1996. Anasema, “Nilikujaka na wewe tumboni.” Mimi nimezaliwa hapa mwaka 1997, Kongo naijua kwa masimulizi. Aliyoyaacha nyuma ajifunze nini kutoka kwayo? Wazee wetu wana methali, ganga yajayo, yaliyopita si ndwele, na hata hiyo mama huisema akiwa anaangalia pembeni. Kiswahili kinajua kwamba kuna mambo yaliyopita ambayo hayajapita. Hatusemi “nilikaa kambini,” tunasema “nimekaa.” Ilianza zamani, na bado umo ndani yake.

Hapo nimefika kwenye neno ninalolitaka: bado.

Ukikutana na mtu njia ya sokoni ukamuuliza kuhusu kesi yake ya kuhamishiwa nchi ya tatu, atakujibu neno hilo moja. Bado. Lina maana mbili, kama lile neno lao la Kiingereza: bado tupo, na bado hatujapata. Kama Johnson angekuwa mtu wa kambini, nadhani kitabu chake kingeitwa hivyo. Kwetu wakati uliopo hauji kama zawadi. Unakuja kama kitu kinachosubiri kitu kingine ndipo kihesabiwe. Watu wanaishi sebuleni kwa maisha yao wenyewe, mabegi yako mlangoni.

Nitasema ya kwetu. Zamani, nikiwa mdogo, jirani alipanda mwembe kati ya nyumba yake na yetu. Mama akamcheka: “Tutakulia wapi hayo maembe, sisi tuko tunarudi?” Hatukurudi. Mwembe ulizaa, na miaka yote tumekula maembe ya jirani.

Mama angalau alikuwa na kisingizio, hakujua. Mimi nilikuwa nimeshauona mwembe ule, na bado nikafanya vilevile. Mwaka 2017 familia yetu iliitwa mahojiano ya kwanza. Nilikuwa na miaka 20, nimemaliza sekondari. Mwaka uliofuata ikatangazwa kozi ya useremala, miezi tisa, bure, na vifaa juu. Rafiki zangu wawili walijiandikisha. Mimi nikasema nitajifunza nini miezi tisa wakati mwakani niko Amerika? Tukaitwa mahojiano ya pili. Tukapimwa. Vipimo vikapitwa na muda, tukaambiwa tutapimwa tena. Kila wiki nilipita kwenye ubao wa matangazo kusoma majina ya watu. Kina mama wanasema subira huvuta heri, vijana wanajibu ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilikuwa nazitumia zote mbili kulingana na aliyeniuliza. Nilikataa kupanda viazi nyuma ya nyumba. Kuna binti nilimwambia tusianze kitu kisha nikuache. Ameolewa sasa, ana watoto wawili.

Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Habari ilifika kwa simu kabla ya kufika kwenye ubao. Watu waliokuwa wameuza vyombo vyao walizunguka kuviulizia. Mama alilala siku mbili uso ukutani. Siku ya tatu aliamka, akafagia uwanja, akaniambia nitafute udongo tuzibe ule ufa wa ukuta wa jikoni. Ufa ule nilikuwa naujua tangu 2019.

Ndiyo maana siwezi kukipokea kitabu hiki kama kilivyo, na pia siwezi kukitupa. Kinasema sasa ni kitu unachokichagua. Mimi sikuichagua. Niliachwa nayo, mlango mwingine ulipofungwa. Na nilipoachwa nayo niligundua kwamba miaka ile saba sikukosa nafasi ya kuishi kwa sababu sijui kutulia au kuvuta pumzi. Nilikosa kwa sababu kila wiki kulikuwa na uwezekano, na hakuna aliyewahi kuniambia ni mkubwa au mdogo kiasi gani. Ukimwambia mtu “labda mwezi ujao” kwa miaka saba, umemchukulia miezi yake yote, na hukuiba hata mmoja.

Kwa hiyo ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma gazeti letu hili, nina neno kwenu, na naomba lipokelewe kwa upendo. Nimehudhuria mafunzo ya kupunguza mawazo mara kadhaa. Tumefumba macho, tumehesabu pumzi, tumeambiwa jana imekwenda na kesho haijafika. Yanasaidia, sikatai. Kuna vijana waliokuwa hawalali, sasa wanalala. Ila kuna siku kijana anauliza, “Kesi yangu iko wapi?” au “Posho itapunguzwa tena?” na anajibiwa kwamba asiishi kesho, aishi leo. Hapo somo zuri linageuka kifuniko cha sufuria. Mwenye tiketi ya likizo akimwambia asiye na kibali cha kufika Makere kwamba aishi pale alipo, maneno ni sahihi, lakini yanasikika vingine. Ukitaka niishi leo, niambie ukweli kuhusu kesho, hata kama ukweli ni kwamba hujui, hata kama ni hapana. Hapana ninaweza kujengea ukuta juu yake. Kwenye “labda” hata ufa sikuziba.

Na kwa vijana wenzangu wa kituo. Nimesikia wengine wakisema kitabu hiki ni cha wazungu wa ofisini, hakituhusu. Nusu yake ni kweli. Lakini msikimbie na nusu. Ukurasa wa yule fundi unatuhusu kuliko unavyomhusu mwandishi wake. Wewe mwenye mahojiano yako kichwani, nenda kwenye mahojiano, jibu vizuri, tunza makaratasi yako yasiloe. Halafu rudi ujiandikishe kozi. Ukiondoka katikati utaondoka na nusu ya ufundi. Nusu ya ufundi inaingia kwenye ndege. Mimi ningekuwa na ufundi mzima, na niko hapahapa.

Mnaotaka kukisoma, kiko kituoni kwenye kabati la chini, hakina tena jalada la nyuma. Kiingereza chake ni chepesi, darasa la tano wa sekondari mwenye kamusi atakiweza. Someni mkiwa wawili watatu, mmoja awe wa kuuliza maswali kama ya yule binti wa afya. Ukisoma peke yako kinateleza, unakubali kila kitu, na kesho yake hukumbuki ulichokubali. Kama hadithi ya kusimulia kina sifa moja kubwa: kinaruhusu watu wakatize. Tulipata mazungumzo marefu kuliko tuliyowahi kuyapata kwenye semina yenye soda.

Ile kozi ya useremala haipo tena, fedha zake ziliisha. Kuna mzee mmoja wa zoni yetu anayetengeneza vitanda na stuli nyuma ya nyumba yake, na tangu mwezi wa tano naenda kwake asubuhi kabla ya kufungua kituo. Wenzangu pale wana miaka 15, 16. Wananiita Mwalimu, kwa utani. Wiki za kwanza nilikuwa nakata ubao huku nahesabu ningekuwa fundi wa namna gani leo kama ningeanza 2018, na mzee alikuwa anaujua moja kwa moja mkato wa namna hiyo. Haulizi nafikiria nini. Anaugeuza ubao, ananionyesha msumeno ulipopinda, ananipa mwingine.

Juzi nimemaliza stuli yangu ya kwanza. Mguu mmoja ni mfupi. Mama ameweka kipande cha tofali chini yake na anaikalia jikoni.